Vidole vya Truphena na Programu za Omena

Moraa, binti aliyeachiwa meza yangu, ameniambia niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Nikamwuliza, "Nani amekuambia nitasahau?" Akanijibu bila kuinua uso, "Mzee, juzi ulikuja hapa kuniuliza namba ya siri ya simu yako mwenyewe." Haya basi. Mtu akishikwa na ukweli hana budi kuandika.

Anayetafuta habari za vyeo na mishahara amekosea mlango. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi na kazi ikabaki ile ile: mashine ikigoma, Zablon aitwe. Nilikuwa fundi wa hospitali moja ya misheni upande wa Nyansiongo, pale shamba la Mgusii linapopakana na la Mkipsigis, na ng'ombe wa pande zote mbili wanakula nyasi bila kuulizana kabila. Nilianza na taipureta, nikamaliza na kompyuta. Katikati nilirekebisha feni, kengele ya kanisa, na meno ya bandia ya daktari mmoja, lakini hayo ya meno niliapa sitayasema.

Ufundi nilifunzwa Kisii mjini na Mzee Ondieki, aliyekuwa na karakana nyuma ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilifika nimechomekea shati, nikidhani nitapewa bisibisi. Nikapewa mswaki wa zamani na kitambaa. "Safisha herufi," akasema. "Anza na O." Nikauliza kwa nini O. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua hunyesha chini. "Wewe baba yako anaitwa nani?" Nikasema Ombati. "Na babu yako?" Onyancha. "Na mimi?" Ondieki. "Sasa unauliza nini? Hapa kwetu O kubwa ndiyo hufa mapema kuliko herufi zote. Kila barua ina O tatu kabla haijasema neno." Ni kweli. Taipureta zote za Gusii nilizowahi kufungua zilikuwa na O iliyojaa wino na kupinda shingo.

Mzee Ondieki hakuwa mtu wa mahubiri, lakini neno moja alilirudia mpaka likaniingia kwenye mifupa. Mteja akileta mashine iliyogoma, wanafunzi wenzangu walikimbilia kuongeza: ongeza mafuta, ongeza springi, ongeza skrubu. Yeye alisema, "Fundi huondoa. Anayeongeza ni muuzaji." Kisha alitoa ndani ya mashine pini ya nywele, punje za mahindi, siku moja hata jino la mtoto, na mashine ikaanza kuimba. Nimefanya kazi na watu wenye digrii ndefu, na bado sijasikia la kulishinda hilo.

Hospitali iliponiajiri nizitunze taipureta zake ndipo nilipomkuta Truphena, ambaye wengi walimwita Mama Nyaboke. Alikuwa ndiye malkia wa chumba cha kupiga chapa, na hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo. Kazi yake kubwa ilikuwa karatasi ya kwenda nyumbani, ile anayopewa mgonjwa akiruhusiwa kutoka: ugonjwa ulikuwa nini, dawa inywewe vipi, arudi lini. Iliandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu wagonjwa wetu walikuwa mchanganyiko, na Kiswahili ndicho kiti ambacho kila mtu angeweza kukikalia hata kama hakikuwa chake.

Truphena hakutazama vidole wala karatasi iliyokuwa ikichapwa. Macho yake yalikuwa kwenye mwandiko wa daktari tu, uso umenyooka, na vidole vinakwenda vyenyewe. "Kidole kikitazamwa kinaona haya," alisema. "Kikiona haya kinakosea." Ukisimama nyuma yake alikufukuza. "Tata Zablon, mgongo wangu ni wa kubeba watoto, na wewe umeota ndevu. Ondoka." Tata kwa Ekegusii, lugha yetu, ni baba, na ni heshima, ila jinsi alivyolitamka lilikuwa na pilipili ndani.

Kompyuta za kwanza zilipokuja zilikuwa za msaada, zilizochoka huko zilikotoka. Asubuhi iliyofuata nilikuta Truphena ameifunika yake kwa kitambaa cha kroshia, cheupe, chenye maua pembeni, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Na ilikuwa inawaka! Nikamwambia mashine inahitaji kupumua, itapata joto. "Joto?" akasema. "Kwa baridi hii ya Nyansiongo? Hebu iache nayo ijifunike." Tulikubaliana kwamba kitambaa kikae mashine ikizimwa. Nilikuta kimerudi mara nyingi tu.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo Moraa hasa anataka, kwa sababu vijana mnapenda programu kubwa na mimi maisha yangu yameokolewa na ndogo. Siku moja kompyuta ya Truphena ilikataa kuhifadhi hata barua moja. Diski imejaa. Kila mtu ofisini akawa daktari: wengine walisema ni virusi, wengine walisema inunuliwe mpya. Nikamkumbuka Mzee Ondieki. Nikaweka kijiprogramu kidogo sana, kinachofanya kazi moja tu: kinachora diski kwa visanduku vya rangi, faili kubwa kisanduku kikubwa, faili ndogo kisanduku kidogo, ukaona kwa macho yako nani amekalia nafasi.

Barua za hospitali nzima, za miaka yote, zilikuwa vinukta pembeni. Aliyekalia nafasi alikuwa kwaya. Video za makambi ya kanisa, moja baada ya nyingine. Na kando ya kwaya, harusi ya nesi mmoja: folda iliyoitwa Harusi, nyingine Harusi Mpya, nyingine Harusi Mpya ya Mwisho, na nyingine Harusi Mwisho Kabisa Usifute. Zote picha zile zile. Nikamwita nesi, tukabakiza moja, nyingine nikafuta. Nasikia ndoa haikudhurika.

Tangu siku hiyo nikaanza kukusanya vijiprogramu vya aina hiyo, nikaviita omena, kwa jina la wale dagaa wa ziwani. Samaki mkubwa anajaza sufuria na bado unang'ang'ana na miba. Omena unachota kiganjani, unakaanga na nyanya, familia inashiba. Nilikuwa na omena ya kutafuta faili pacha, omena ya kupunguza uzito wa picha, omena ya kukumbuka ulichonakili mara ya mwisho. Wakubwa walicheka. Mimi niliendelea kuchota.

Kisha mikono ya Truphena ikaanza kumsaliti.

Ilikuja polepole. Nilimwona asubuhi akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi, anashika tu. Ilikuwa baridi yabisi, na vidole vilivimba kwenye maungio. Vile vilivyokuwa vikienda vyenyewe sasa ilibidi avisukume. Karatasi zikaanza kuchelewa. Wagonjwa waliopona walikaa kwenye benchi la nje na mabunda yao ya nguo, wakingoja karatasi tu. Wengine walilala tena hospitalini, wamepona, kwa sababu ya karatasi. Roho iliniuma kuwaona, na iliniuma zaidi kumwona Truphena akiwaona.

Wakati huo tulikuwa tumepata msimamizi mpya, Bwana Mwakio, kutoka Taita. Nitamtendea haki: alikuwa mtu safi, mchapakazi, na alichokisema kuhusu benchi kilikuwa kweli. Lakini alikuwa mgeni, na sisi Wagusii tuna ubaya wetu. Mgeni akiingia tunahamia Ekegusii bila hata kujua tumehama. Alipita kwenye veranda watu wanacheka, akafika, kicheko kikafa, akaambiwa "Habari," akajibu "Nzuri," akapita. Kila siku hivyo. Nadhani ndiyo maana alishikilia kazi sana.

Alimwita Truphena mbele yangu. "Bibi Truphena, sina nia mbaya. Lakini mgonjwa akiruhusiwa asubuhi, aondoke asubuhi. Tukifika mwisho wa mwezi na benchi bado limejaa, itabidi upumzike, niajiri kijana."

Truphena alisema, "Sawa, Bwana." Akatoka. Nilimkuta nyuma ya jikoni ameegemea tangi la maji, na machozi yanamtoka kimyakimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake hata siku alipomzika mumewe.

"Pumzika," akasema. "Anajua anasema nini? Nikienda nyumbani Manga na mikono hii nitafanya nini, Tata? Chai siwezi kuchuma. Jembe siwezi kushika. Hata kuosha masufuria mkazamwana ananinyang'anya. Hapa ndipo mahali pekee vidole vyangu vina jina."

Niliondoka pale nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Bwana Mwakio naye alijaribu, kusema kweli. Alileta programu kubwa ya kuandika kwa sauti: wewe unasema, kompyuta inaandika. Nilifuta nusu ya kwaya ili ipate mahali pa kukaa. Truphena akavaa kipaza sauti, akakohoa, akasema kwa sauti ya kanisani, "Anywe dawa baada ya kula." Tukatazama. Kompyuta ilikuwa imeandika: *Anywe dawa baada ya kura.*

Unajua ulimi wetu. L na R kwetu ni mapacha, na P akija anavaa nguo za B. Truphena akarudia, polepole, akiwa ameuma meno. *Baada ya kura.* Akavua kipaza sauti akakiweka mezani. "Basi wagonjwa wangoje uchaguzi," akasema. Hata Bwana Mwakio alicheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema, "Basi sioni njia nyingine," na mimi nikaizima mashine.

Usiende mbali, nikajiambia. Fundi huondoa. Ni nini kinachoweza kuondolewa hapa? Nikaketi na rundo la karatasi za zamani, nikasoma. Na nikaona kitu ambacho kila mpiga chapa anakijua na hakuna anayekisema: ni sentensi zile zile. Mgonjwa anabadilika, ugonjwa unabadilika, lakini anywe maji, arudi kliniki, asibebe mizigo, hizo hazibadiliki. Truphena alikuwa akipiga herufi zile zile maisha yake yote.

Kwenye mkusanyiko wangu kulikuwa na omena ambayo sikuwa nimeitumia. Ndogo kuliko picha moja ya ile harusi. Unaifundisha neno fupi na sentensi ndefu. Ukiandika neno fupi, ukagonga nafasi au nukta, linafutika na sentensi ndefu inasimama pale yenyewe. Nilimwonyesha Truphena. Alitazama, akasema "Yaaye!" kisha akanitazama mimi kana kwamba nimeficha mtu ndani ya mashine.

Kazi ikawa kuchagua maneno mafupi. Nilimpa herufi mbili mbili, *kw*, *mj*, *dk*, akazichanganya zote. Akasema anataka maneno yenye maana. Tukajaribu *enda*, ambalo kwa Ekegusii ni tumbo, lisimamie sentensi ya maumivu ya tumbo. Lilifanya kazi vizuri mpaka alipoandika barua kwa dereva. Tulitaka kumwambia, "Tafadhali enda Keroka ukachukue mitungi." Dereva akaletewa barua inayosema, "Tafadhali mgonjwa alilalamika maumivu ya tumbo Keroka ukachukue mitungi." Alikuja kutuuliza kama kuna mtu anaumwa Keroka, na kama abebe machela.

Tulicheka mpaka Truphena akashika mbavu. Halafu akaigeukia mashine. "Kosa ni kwamba *enda* ni Kiswahili pia," akasema. "Tutumie yale ambayo Kiswahili hakina. Kikwetu hakiingii ofisini, Tata. Tangu shule walikifungia nje."

Alisema kweli. Sisi wawili tulisoma enzi ambazo mtoto akisikika anaongea Ekegusii alivishwa kibao shingoni, akitembea nacho mpaka ampate mwenzake aliyekosea. Tukatoka pale tukijua kwamba lugha ya mama ni ya jikoni na ya shambani. Miaka yote Truphena amekaa kwenye mashine, hakuwahi kuchapa neno moja la Ekegusii. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa huru, hayana kazi, yanangoja tu kuitwa.

Tukayaita. *Amache*, maji, likawa: Anywe maji mengi yaliyochemshwa. *Mambia*, asubuhi, likawa: Arudi kliniki asubuhi ya siku aliyoandikiwa, akiwa na karatasi hii. *Tiga*, yaani acha, likawa: Aache pombe, sigara na kazi nzito mpaka daktari atakaposema. Hilo alilipenda, kila akiligonga anasema kwa sauti, "Tiga!" kama anamfokea mlevi mwenyewe. Na la mwisho, linalofunga kila karatasi, lilikuwa *buya*, yaani vizuri. Buya likawa: Mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa katika hali nzuri.

Hakuyaandika popote. Angeyasahauje? Ni maneno aliyonyonya. Alichapa kwa vidole vile viwili vitatu vilivyokuwa bado vinamtii, macho kwenye mwandiko wa daktari, na karatasi zikaanza kutoka. Wiki iliyofuata benchi la nje lilikuwa tupu kabla ya chai. Nilipita pale makusudi, nikaketi mwenyewe, nikanyoosha miguu.

Lakini mwezi haukuwa umeisha, na neno la Bwana Mwakio lilikuwa bado limesimama. Alipita, akatazama benchi, akaandika kitu, akaenda. Truphena alimtazama kupitia dirishani kama mtu anayengoja majibu ya kipimo.

Ndipo ikaja siku ya kufungua wodi mpya ya kina mama. Mahema, viti vya plastiki, kwaya ile ile iliyokuwa imejaza diski, na watu kutoka kila mlima. Jioni ya kuamkia siku hiyo Bwana Mwakio alileta hotuba yake, ameiandika kwa mkono kwa Kiswahili chake kizuri. Juu kabisa aliandika: *Bibi Truphena, niwekee hapa salamu ya kwenu.* Na chini kabisa: *Hapa niwekee kuaga kwa kwenu.* Nilipoyasoma nilimwonea huruma kidogo. Mtu alikuwa anabisha mlango.

Truphena alichapa akatoa, dereva akaja akaichukua mbio. Hakuitazama. Lini aliwahi kutazama?

Kesho yake tuliketi hema la pembeni, mimi na yeye. Bwana Mwakio akapanda jukwaani na suti ya kijivu, akafungua karatasi, akakohoa. Kwetu asubuhi mtu anasalimiwa "Bwakire buya," kumekucha vizuri. Alikuwa amejiandaa, ulimuona amejiandaa. Akasoma kwa sauti kubwa iliyonyooka:

"Bwakire mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa katika hali nzuri!"

Nilisikia turubai la hema likipigwa na upepo. Truphena alinishika mkono kwa vidole vyake vilivyovimba, akanibana hadi nikaumia. "Buya," akanong'ona. "Tata, buya! Nimechapa buya! Nimekwisha!"

Kicheko kikaanza nyuma, kwa vijana wa boda boda, kikaja mbele kama mvua inayoshuka milima ya Manga. Bwana Mwakio alitazama karatasi yake. Masikio yakamwiva. Mimi nilikuwa natafuta ardhi ipasuke, na nilikuwa tayari kuingia wa kwanza. Halafu mama mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akainua mkono juu akapaza sauti: "Amina!"

Watu wa kwetu ukiwapa amina moja hawaiachi peke yake. "Amina!" wakaitikia. "Amina! Wote waruhusiwe! Wote waende nyumbani!" Kina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikadhani imeitwa ikasimama, ikabidi ikalishwe. Na kile kicheko kikabadilika kikiwa bado mdomoni mwa watu, kikawa furaha. Wengine walifuta machozi. Ni nani pale ambaye hakuwahi kuwa na mtu wa kwao hospitalini, akilingojea neno hilo hilo?

Bwana Mwakio alisubiri. Akaendelea na hotuba. Nilijua kinachomngoja chini ya ukurasa, kwa sababu kwetu kuaga ni "Tigarai buya," bakini salama, na Truphena naye alijua, maana alikuwa amefunga macho. Akafika. Nilimwona akisita. Aliisoma kwanza kwa macho. Angeweza kuikunja karatasi na kusema asanteni. Akainua uso, akatutazama sote, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona meno yake yote.

"Tigarai," akasema, akapumua, "mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa katika hali nzuri!"

"Genda buya!" umati ukamjibu. Nenda salama. Hema lilitaka kung'oka.

Jumatatu tuliitwa. Truphena alikuja amevaa nguo yake ya Sabato, na kitambaa cha kroshia amekikunja ndani ya mkoba, kwa sababu alikuwa na hakika hatarudi mezani. Bwana Mwakio alikuwa ameiweka ile hotuba mbele yake.

"Nieleze," akasema. Nikaeleza. Hakuamini. Tukampeleka kwenye mashine, Truphena akaketi, akachapa karatasi nzima ya mgonjwa mbele yake: amache, tiga, mambia, buya. Bwana Mwakio alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza Truphena hakumfukuza mtu mgongoni.

"Bibi Truphena," akasema, "siku ile nilikasirika. Niliposoma ile salamu nilitaka kukuandikia barua ya kuondoka siku hiyo hiyo." Truphena akainamisha kichwa. "Sasa sikiliza. Leo nimetoka kwenye gari, askari wa getini akanisalimia. Anasema, Bwakire mgonjwa ameruhusiwa! Nimefika jikoni, wapishi hivyo hivyo. Mama mmoja wa ndizi huko sokoni ameniita kwa jina. Tangu nimefika huku hakuna mtu aliyenisalimia kwa salamu yenu." Akakuna shingo. "Benchi nimeliona. Nililiona tangu wiki ile. Kaa kwenye kiti chako mpaka uchoke mwenyewe. Na nifundisheni neno jingine."

Truphena akasogeza kiti chake karibu na meza. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha kroshia, akakitandika juu ya mashine. Ikiwa inawaka. Nikaiacha ijifunike.

Alikaa kwenye kiti hicho mpaka siku yake ya kustaafu ilipofika yenyewe, kwa heshima yake yote, na keki. Bwana Mwakio alihamishwa mapema kidogo, akaondoka akisema "mambia" na "amache" kwa matamshi ya Kitaita yaliyotuchekesha hadi kwenye gari. Mashine zimebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Nikupe siri ya kazi, Moraa: kila mashine mpya ilipokuja, cha kwanza nilichokihamisha ni ile omena. Usije ukaifuta ukidhani ni takataka kwa sababu ni ndogo.

Mwezi uliopita ikawa zamu yangu. Waliniandalia chai na mandazi kwenye ukumbi wa chakula. Hotuba zilikuwa ndefu, na nilisikia sifa za mtu ambaye ningependa kukutana naye. Katikati ya hotuba mlango ukafunguliwa, akaingia Truphena, ametoka Manga kwa boda boda, amejifunga leso mbili kwa baridi. Vidole vyake sasa vimepinda kabisa. Walimwomba aseme neno. Akakataa. "Mimi si mtu wa kusema," akasema. "Mimi ni mtu wa kuchapa. Mashine iko wapi?"

Moraa akamletea. Truphena akaketi, na hakutazama vidole wala kioo. Alinitazama mimi. Kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta kila herufi kwa kuipapasa, akaandika jina langu. Hapo alipumzika. Kisha akaongeza herufi nne, akagonga nukta, na printa ikaanza kunguruma.

*Zablon. Mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa katika hali nzuri.*

Karatasi ilikuwa bado ina joto nilipoichukua. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikaenda nyumbani.